Sura ya Sita: Kwa Nini Foleni Hurudi Shule Zinapofunguliwa?

Kila Januari swali ni lilelile, ndani ya daladala, ofisini na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi: mbona mwezi Desemba barabara zilikuwa nyeupe, na leo hazipitiki? Magari ya mjini hayajaongezeka mara mbili katika wiki moja. Barabara hazijapunguzwa upana. Badiliko kubwa ni moja: watoto wamerudi shule.

Wazazi wana swali la pili, ambalo wengi huliuliza kimoyomoyo wakishageuza gari au kupanda daladala kuelekea kazini: mwanangu amefika darasani salama? Tumezoea kuyaona haya kuwa mambo mawili tofauti, la foleni tukimwachia trafiki na la usalama tukimwachia Mungu na mwalimu wa zamu. Sura hii inaeleza kwamba yana mzizi mmoja, na kwamba anayeanza kutengeneza njia ya mtoto anayetembea kwa miguu hupunguza hatari na foleni kwa pamoja.

Magari machache, foleni kubwa

Kila barabara ina uwezo wake, yaani idadi ya magari yanayoweza kupita mahali fulani kwa saa moja. Chukulia barabara inayopitisha magari 1,000 kwa saa. Yakija 950, yote yanapita, na dereva halalamiki. Yakija 1,100, mia moja yanabaki nyuma. Saa inayofuata yakija tena 1,100, waliobaki wanakuwa mia mbili. Foleni unayoiona haiundwi na magari yote yaliyoko barabarani. Inaundwa na yale yaliyozidi uwezo, na itaendelea kurefuka mpaka wimbi la asubuhi lipite.

Sasa yaondoe magari mia moja kati ya yale 1,100. Umepunguza chini ya moja ya kumi ya magari, lakini foleni imekwisha kabisa. Hivi ndivyo likizo inavyoifungulia Dar es Salaam barabara. Magari yanayopeleka watoto shule ni sehemu tu ya magari ya asubuhi, ila yanaingia barabarani wakati ambao nafasi ya ziada imeshakwisha.

Tatizo linakuzwa na saa. Ofisi za serikali hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na shule nyingi hugonga kengele kati ya hapo na saa mbili. Wimbi la wafanyakazi na wimbi la wanafunzi hukutana kwenye barabara zilezile. Tena umbali umeongezeka. Familia inaishi Kimara, mtoto anasoma Upanga, na gari linapita shule nyingi njiani kabla ya kufika anakosoma. Mzazi hana kosa kutafuta shule anayoiamini. Lakini mji ambao watoto wake wanasoma mbali na nyumbani hulipa gharama hiyo kila asubuhi barabarani.

*Kwa ufupi: foleni ya asubuhi inatokana na magari yaliyozidi uwezo wa barabara kwa muda mfupi. Ukipunguza machache, au ukiyatawanya kwa dakika ishirini tu, nafuu inakuwa kubwa kuliko unavyotarajia.*

Geti ndilo linalobana

Foleni ikifika mbele ya shule, wengi hudai barabara ipanuliwe. Fikiria bomba la maji la mtaa lenye ndoo nyingi zinazosubiri. Ukipanua njia ya kwenda bombani, hakuna ndoo itakayojaa haraka zaidi. Kinachoamua ni muda ambao kila ndoo inakaa chini ya bomba. Geti la shule hufuata kanuni hiyohiyo.

Tuhesabu. Mbele ya geti kuna nafasi ya magari manne kusimama kwa pamoja, na kila gari linakaa dakika mbili: mzazi anashuka, anafungua buti, anatafuta chupa ya maji iliyobingirika chini ya kiti, anamfunga mtoto kamba za viatu, anasalimiana na mzazi mwenzake. Kwa nusu saa geti hilo litahudumia magari 60. Yakija 100 katika nusu saa hiyo, 40 yatakosa nafasi. Kila gari likihitaji mita sita pamoja na uwazi wa mbele yake, huo ni mstari wa mita 240, na mstari wa namna hiyo hutoka kwenye mtaa wa shule ukaingia barabara kuu na kuwazuia watu wasio na mtoto yeyote katika shule hiyo.

Sasa punguza muda wa kusimama uwe sekunde 40. Begi liko mkononi mwa mtoto, viatu vilifungwa nyumbani, mwalimu wa zamu au mlinzi anafungua mlango wa gari, mtoto anashuka, gari linaondoka. Geti lilelile, kwa nafasi zilezile nne, litahudumia magari 180 kwa nusu saa. Hakuna lami iliyomwagwa wala nyumba iliyobomolewa. Kilichobadilika ni utaratibu.

Ugumu ni kwamba utaratibu huu hauwezi kushikwa na mzazi mmoja. Anayeshusha kwa sekunde 40 atabaki nyuma ya anayezungumza kwa dakika tano. Ndiyo maana shule inapaswa kuusimamia kwa sauti moja: mahali pa kushushia pajulikane, magari yaingie upande mmoja na kutokea mwingine, na mwenye shida ya kuonana na mwalimu aegeshe kando kwanza.

Anachokiona mtoto

Mpaka hapa tumezungumzia magari. Sasa tushuke mpaka kwenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Akisimama kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, haoni barabara. Anaona milango na matairi. Dereva anayekuja naye hamwoni. Watatambuana pale tu mtoto atakapokuwa amekwisha kuingia barabarani.

Tena mtoto mdogo hajakomaa kupima mwendo. Mtu mzima akiliona gari, anakadiria litafika baada ya muda gani. Mtoto huangalia zaidi lilivyo mbali, na akiliona mbali huhisi ana muda wa kutosha hata kama linakuja kasi. Tunamfundisha kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, na ni vema. Lakini kutazama ni jambo moja, na kukadiria kwa usahihi ni jingine, na hilo la pili linakuja na umri. Hatuwezi kumtwika mtoto wa miaka sita kazi ambayo ubongo wake bado haujawa tayari kuifanya. Kazi hiyo ni yetu watu wazima.

Kazi yenyewe inaanza na mwendo wa gari. Dereva akiona hatari, hupita kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Ndani ya sekunde hiyo gari linaendelea kama lilivyokuwa. Kwa kilomita 30 kwa saa, gari hutembea zaidi kidogo ya mita nane katika sekunde hiyo, kisha kwenye lami kavu husimama baada ya mita tano hivi. Jumla ni kama mita 13. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde hiyo moja pekee inakula karibu mita 14. Maana yake ni hii: mahali ambapo dereva wa kilomita 30 ameshasimama kabisa, dereva wa kilomita 50 bado hajaanza kupunguza mwendo. Mtoto aliyesimama mita 13 mbele atapona kwa yule wa kwanza, na kwa huyu wa pili atagongwa kwa nguvu zote.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watoto na watembea kwa miguu wanachangamana na magari. Shirika hilohilo linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, kuliko ugonjwa wowote.

Msomaji atauliza: foleni si inapunguza mwendo? Katikati yake ndiyo. Hatari iko pembezoni na mwishoni mwake. Bodaboda inapenya kati ya magari yaliyosimama, mahali pale pale mtoto anapochomoza. Dereva aliyechelewa, akishatoka kwenye msongamano, anakanyaga mafuta ili afidie dakika alizopoteza, na bado yuko mtaa wa shule.

Mazoea manne yanayohatarisha watoto zaidi getini ni haya:

1. Kurudi nyuma. Mtoto mfupi aliye nyuma ya gari haonekani kwenye kioo. Geti linalolazimisha magari kugeuza kwa kurudi nyuma linahitaji kupangwa upya.
2. Kushusha upande wa barabara. Kwetu magari hupita kushoto, hivyo mlango wa kushoto ndio ulio upande wa usalama. Mlango wa kulia unamtoa mtoto kwenye njia ya bodaboda na daladala.
3. Kuegesha juu ya kivuko. Gari lililosimama kwenye pundamilia, hata kwa dakika moja na taa za tahadhari zikiwaka, linamfunika mtoto asionekane mahali tulipomwambia avukie.
4. Kusimama ng'ambo na kumwita mtoto. Mtoto aliyemwona mama yake huwa haoni kitu kingine. Anakimbia moja kwa moja.

Kwa nini kutoka shule ni hatari kuliko kuingia

Zoea hilo la nne hutokea zaidi wakati wa kuwachukua watoto. Asubuhi watoto hufika mmoja mmoja kwa muda wa nusu saa au zaidi, bado wana usingizi, na wengi wameshikwa mkono. Kengele ya kutoka inapolia, mamia humwagika getini kwa dakika chache, wamechangamka, wana njaa, wengine wanafukuzana.

Magari nayo yana tabia tofauti. Asubuhi mzazi anashusha na kuondoka. Mchana anawahi kuja na kusubiri. Gari linalosubiri linashika nafasi ya kushushia na kupakia kwa muda mrefu, wanaofuata wanaegesha ubavuni mwake, na mtaa wa njia mbili unabaki na njia moja. Wauza barafu na bagia wako pale, kijiwe cha bodaboda kiko pale, bajaji zinageuza pale. Katika shule za serikali zenye awamu mbili, kundi la asubuhi linatoka wakati kundi la mchana linaingia, na msongamano unakuwa mara mbili.

Dawa yake ni nyepesi. Madarasa ya chini yatoke dakika kumi au kumi na tano kabla ya yale ya juu. Watoto wa kupakiwa wasubiri ndani ya uzio, siyo nje, mpaka waitwe. Na mzazi ashuke amfuate mtoto getini, kwa sababu mtu mzima anaweza kuvuka barabara kwa usalama kuliko mtoto wa darasa la pili.

Gari la shule na mwanafunzi wa daladala

Kama magari binafsi ni mengi mno, basi la shule ni jibu zuri. Basi moja aina ya Coaster linaweza kuondoa zaidi ya magari ishirini getini. Lakini jibu hilo limekuja na gharama inayobebwa na watoto.

Shule nyingi huendesha magari machache kwa tripu mbili. Gari linapita alfajiri kukusanya kundi la kwanza, linashusha, kisha linarudi kwa kundi la pili. Mtoto wa tripu ya kwanza anaweza kuwa kituoni saa kumi na moja alfajiri, giza bado nene, akafika shuleni muda mrefu kabla ya kengele na kusinzia darasani. Dereva wa tripu ya kwanza anajua ana ya pili, hivyo anakimbia. Gari linajazwa kupita viti vyake ili tripu ya tatu isihitajike. Mzazi anayeuliza ada ya usafiri tu ameuliza nusu. Aulize pia: gari lina viti vingapi na linabeba watoto wangapi? Mikanda ipo? Matroni anashuka kumvusha mtoto? Kuna anayepita kwenye viti kuhakikisha hakuna aliyesahaulika akiwa amelala?

Tanzania inalijua jeraha la gari la shule. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki, na watoto watatu walinusurika. Nchi nzima ililia. Lakini mtoto anayegongwa mbele ya shule huondoka peke yake, hatangazwi, na mwaka ukiisha hatujui kuwa tumepoteza darasa zima. Uchungu uleule tuliouhisi kwa ajili ya Rhotia tunamdai pia mtoto huyo.

Kisha yuko mwanafunzi asiye na gari la aina yoyote. Nauli yake kwenye daladala ni chini ya nusu ya anacholipa mtu mzima, na kondakta anayefukuzia hesabu ya siku humwona kama kiti kilichopotea. Ndipo unaposikia "wanafunzi wawili tu!" huku ishirini wamesimama kituoni. Waliobaki hugombania gari linalofuata, huning'inia mlangoni, au hupanda bodaboda moja watatu, mtindo unaoitwa mshikaki. Usalama wa mtoto huyu hautaletwa na kumgombeza kondakta peke yake. Unahitaji mpango ambao mmiliki wa daladala hapati hasara kwa kumbeba mwanafunzi, na mji wenye shule nzuri karibu na watoto wanakoishi.

Dar es Salaam imeshaonyesha njia

Watoto walio wengi katika shule za msingi za serikali hutembea kwa miguu. Ukifuatana nao utaona jinsi barabara ilivyojengwa bila kuwafikiria: ukingo umechukuliwa na biashara au magari yaliyoegeshwa, mtaro uko wazi, mvua ikinyesha kilichobaki cha njia kinageuka dimbwi, na mtoto anaingia kwenye lami kwa sababu hana pengine pa kukanyaga.

Shirika la Amend, linaloshughulikia usalama barabarani barani Afrika, liliamua kuanza hapo. Mpango wake unaoitwa SARSAI haukuhitaji barabara za juu wala taa za gharama. Kwanza huchunguza shule ambazo wanafunzi wake wanagongwa zaidi na njia wanazopita. Kisha huweka vitu vinavyojulikana na fundi yeyote: matuta ya kupunguza mwendo, njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande juu ya njia hiyo, kivuko, alama, na pengine geti jipya linalofungukia mtaa wenye magari machache badala ya barabara kuu. Watoto nao hufundishwa kuitumia miundombinu hiyo.

Matokeo yalipimwa Dar es Salaam kwa kulinganisha maeneo ya shule yaliyotengenezwa na yale yaliyokuwa bado. Watoto walioumia barabarani walipungua kwa angalau asilimia 26, na mwendo wa magari katika baadhi ya maeneo ulishuka kwa hadi asilimia 60. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya kituo cha WRI Ross, yenye thamani ya Dola za Marekani 250,000, ukishindana na miradi kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Tuta, njia ya miguu na kivuko, katika jiji letu, viliokoa watoto.

Hapa ndipo mzizi wa maswali yetu mawili unapoonekana. Mzazi anayeishi karibu na shule humpeleka mtoto kwa gari kwa sababu njia ya miguu inamtisha. Gari lake linaongeza foleni na hatari kwa mtoto wa jirani anayetembea. Mzazi wa jirani naye, akiona hivyo, siku akipata uwezo anatafuta gari au anampandisha mtoto bodaboda. Kila anayejiokoa peke yake anaiacha njia ikiwa mbaya zaidi kwa waliobaki. Njia ikitengenezwa, mduara huo unaanza kuzunguka kinyume: watoto zaidi wanatembea, magari getini yanapungua, na yale machache yaliyozidi uwezo wa barabara, yaliyozaa foleni ya mwanzo wa sura hii, hayapo tena.

*Kwa ufupi: njia salama ya miguu ni dawa ya ajali na pia ni dawa ya foleni.*

Nani afanye nini

*Mzazi wa gari:* fika mapema, mtoto ashuke mlango wa kushoto akiwa na begi mkononi, usisimame juu ya kivuko, usimwite mtoto kutoka ng'ambo. Kama mnaishi mtaa mmoja na familia nyingine, pelekeaneni watoto kwa zamu.

*Mzazi wa mtoto anayetembea:* wakutanisheni watoto wa mtaa waende pamoja na mtu mzima mmoja, kwa zamu. Kundi linaonekana na dereva haraka kuliko mtoto mmoja.

*Shule:* pangeni mahali pa kushushia, saa tofauti za kutoka, mtu wa kuvushia watoto mwenye fulana inayong'aa na kibao, na sheria moja kwa wazazi wote, mwenye gari kubwa na mwenye bajaji.

*Serikali ya mtaa na kamati ya shule:* andikeni maombi ya tuta, kivuko na njia ya miguu. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS; za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA. Jueni yenu iko kwa nani, na ombi lenu liambatane na mchoro unaoonyesha watoto wanavukia wapi na wamegongwa wapi.

Kikao kijacho cha wazazi kikishamaliza ada, sare na chakula, nyoosha mkono na uulize: watoto wetu wangapi wanakuja kwa miguu, wanavukia wapi, na nani amesimama pale saa moja asubuhi? Kama ukumbini hakuna anayejua majibu, kikao kisifungwe bila kuteua watu watatu wa kwenda kuyatafuta kesho yake asubuhi, na tarehe ya kuleta taarifa. Baadhi ya matuta yaliyopo leo mbele ya shule zetu yaliwekwa baada ya mtoto kufa. La kwenu linaweza kuwekwa kabla.